Mlikorisi: mzizi mtamu uliotibu kifua na tumbo kwa karne nyingi, na kwa nini si wa kunywa kila siku

Mpenda Mizizi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikipita kwenye mijadala ya dawa za asili nakuta mzizi wa likorisi ukielekezwa kwa karibu kila kitu: kikohozi, kiungulia, vidonda vya tumbo, sauti iliyokauka, madoa ya ngozi, meno. Mengi ya hayo yana msingi wa miaka mingi na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko kwenye sentensi inayofuata: "kunywa tu kila siku, ni mti, hauna madhara." Hiyo si kweli, na waliotuachia matumizi ya mzizi huu hawakuutumia hivyo. Kitu kilekile kinachoufanya uwe mtamu ndicho kinachotuliza tumbo, na ndicho kinachopandisha presha. Nimeamua kuandika kwa urefu ili mtu akiuliza tena tumwelekeze hapa.

Nianze na mmea wenyewe, maana wengi wanaujua ukiwa tayari ni unga au peremende.

Mlikorisi, kwa jina la kitaalamu *Glycyrrhiza glabra*, ni wa jamii ya mikunde, kwa hiyo ni ndugu wa kunde na mbaazi. Waarabu huuita irk sus, Wahindi mulethi. Juu ya ardhi hauna la kumshangaza mtu: kichaka cha mita moja hivi, pengine moja na nusu, vijani vidogo vilivyopangana pande mbili za kikonyo, maua ya zambarau iliyopauka, kisha maganda mafupi yenye mbegu chache. Mali yote iko chini. Mzizi mkuu huzama zaidi ya mita moja kwenye udongo mlegevu, na pembeni hutoa matawi ya ardhini yanayotambaa mbali na kuchipua miche mipya. Ukipata kijiti kikavu, ganda lake ni la kahawia lenye mikunjo ya urefu. Kikwaruze kwa ukucha uone ndani: njano, nyuzinyuzi, mithili ya kamba iliyosokotwa. Kitafune. Mwanzoni unaonja ubao tu. Baada ya muda kidogo utamu unapanda, unazidi wa sukari, halafu hauondoki. Unabaki kooni muda mrefu ukiwa na uchungu kidogo nyuma yake. Kinacholeta utamu huo huitwa glisirizini, na kwa vipimo vinavyotajwa sana ni mtamu kuliko sukari mara 30 hadi 50.

Kwao ni kusini mwa Ulaya hadi Asia ya magharibi na ya kati. China na Mongolia wana ndugu yake, *Glycyrrhiza uralensis*, na huyo ndiye anayeitwa gancao kwenye tiba za Kichina. Upande wa Xinjiang kuna mwingine, *G. inflata*. Amerika Kaskazini nako kuna wa kwao, *G. lepidota*, ambao wenyeji wa nyanda za huko walitafuna mzizi wake kwa maumivu ya jino.

Sasa matumizi ya kale. Mgiriki Theophrastus, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliandika kuhusu "mzizi wa Waskithi", wafugaji wa kuhamahama wa nyika za kaskazini, unaoota upande wa bahari ya Azov. Alisema ni mtamu, unafaa kwa pumu, kikohozi kikavu na maradhi ya kifua, na ukichanganywa na asali hutumika kwenye vidonda. Akaongeza kwamba ukiuweka mdomoni unakata kiu, na kwamba Waskithi wakiwa na mzizi huo na jibini ya maziwa ya farasi waliweza kukaa siku 11 au 12 bila kunywa maji. Siku hizo sizichukulii kama kipimo, ni habari aliyosimuliwa. Ila mzizi huu kweli huufanya mwili ushikilie maji na chumvi, na tukifika kwenye figo mtaona kwa nini sehemu hii ya Theophrastus huwa hainitoki akilini.

Dioscorides, tabibu Mgiriki wa karne ya kwanza, aliusifu kwa koo lililokwaruza, akielekeza juisi yake iwekwe chini ya ulimi iyeyuke polepole. Pia aliutaja kwa tumbo linalowaka. Ukisoma kifungashio cha likorisi kwenye duka la dawa Ulaya leo, utakuta mambo yaleyale mawili, kikohozi na kiungulia. Zaidi ya miaka 1,900 imepita na matumizi makuu hayajahama.

China ndiko mzizi huu ulikopewa heshima ya juu zaidi. Tao Hongjing, tabibu aliyeishi kati ya mwaka 456 na 536, aliuita mzee wa taifa. Si kwa sababu unatibu kila ugonjwa peke yake. Tabibu wa Kichina huweka gancao kidogo kwenye mchanganyiko wa dawa nyingine ili ukali wa hii upungue, uchungu wa ile umezeke, na zote zikae pamoja bila kulichafua tumbo. Ndiyo maana unaukuta kwenye dawa nyingi mno, lakini kwa gramu chache. Wakitaka kuimarisha tumbo na moyo huukaanga kwanza na asali. Wakitaka kupoza koo na uvimbe hutumia mbichi, yaani uliokaushwa tu. Kuna dawa ya viungo viwili, mzizi wa ua liitwalo peoni na gancao, iliyotoka kwa tabibu Zhang Zhongjing miaka 1,800 hivi iliyopita, kwa misuli inayokaza na kuuma. Japani madaktari wanaiandika mpaka leo kwa watu wanaoamshwa usiku na mkakamao wa misuli ya mguu.

India, kwenye Ayurveda, yaani tiba ya jadi ya huko, unaitwa yashtimadhu. Waimbaji na wasomaji huutafuna kwa ajili ya sauti, na unga wake huchanganywa na asali au samli kwa koo na kwa vidonda vya tumbo.

Misri na Syria ni kinywaji. Unga wa mzizi hulowanishwa kidogo pamoja na chembe ya bikaboneti mpaka ubadilike rangi uwe mweusi, hufungwa kwenye kitambaa, kisha maji baridi hupitishwa polepole mpaka yatoke ya kahawia iliyoiva. Muuzaji huyamwaga kutoka juu ili yatoe povu, na mwezi wa Ramadhani ndio msimu wake mkubwa. Povu hilo halitokani na sabuni wala sukari. Glisirizini ni ya kundi la saponini, vitu vya mimea vinavyotoa povu majini. Kwa sababu hiyohiyo, dondoo la likorisi liliwahi kuingizwa kwenye povu la kuzimia moto, na watengeneza bia nyeusi walilitia ili povu la bia lisimame.

Ulaya wao waliuchemsha. Mizizi husagwa, huchemshwa muda mrefu, maji huchujwa na kuendelea kuchemshwa mpaka yageuke ujiuji mweusi mzito unaoganda ukipoa. Kusini mwa Italia, mkoa wa Calabria, mji wa Rossano, kuna kiwanda cha ukoo wa Amarelli kinachofanya kazi hiyo tangu mwaka 1731. Uingereza, mji wa Pontefract una udongo mlegevu wenye kina, na likorisi ililimwa hapo kwa karne kadhaa. Vidonge vyake vyeusi vilikuwa dawa ya tumbo na kifua mpaka mwaka 1760, mfamasia George Dunhill alipotia sukari. Kuanzia hapo dawa ikawa peremende.

Kwangu mimi hapo ndipo mambo yalipopinduka. Dawa ina kipimo na ina siku ya kuacha. Peremende haina.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

Tumbo Joto

Mkuu ahsante kwa uzi ulioshiba. Mimi ni mtu wa vidonda vya tumbo miaka mingi na hii dawa nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja. Kuna ushahidi wowote wa hospitali au ni maneno ya wazee tu?

---

Mpenda Mizizi

Upo, mkuu, na kisa chake kinafundisha kuliko sehemu nyingine yoyote ya uzi huu.

Mwaka 1946 daktari Mholanzi, F. E. Revers, aliandika kuhusu wagonjwa wa vidonda vya tumbo waliokuwa wakipata nafuu kwa dawa ya mfamasia mmoja wa mji wa Heerenveen. Dawa hiyo ilikuwa juisi nzito ya likorisi. Revers akaijaribu kwa wagonjwa wake na akaona kweli inasaidia. Lakini takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alianza kuvimba uso na miguu, wengine pumzi zikawabana. Alipopunguza dozi au kuisimamisha, uvimbe ukaisha.

Wataalamu wa Uingereza wakachukua kiini cha glisirizini wakatengeneza dawa iitwayo kabenoksoloni, ikatumika kwa vidonda vya tumbo katika miaka ya 1960 na 1970. Iliponya, na ilileta uvimbe na presha vilevile. Zilipokuja dawa za kupunguza asidi kama simetidini, ikawekwa kando. Baadaye ikajulikana kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria *Helicobacter pylori*, na hao wanahitaji antibiotiki. Kwa hiyo mkuu, kama hujapimwa bakteria huyo, anza hapo. Likorisi inaweza kukutuliza huku chanzo kikiendelea kula.

Ipo aina iliyotolewa glisirizini, vifungashio vyake huwa na herufi DGL. Hiyo haipandishi presha kama mzizi wenyewe, na wenye kiungulia wengi huitumia. Ushahidi wake kwa vidonda ni mchanganyiko, siwezi kukuahidi kitu.

---

Muuguzi wa Zamu

Naomba nieleze kwa lugha rahisi kinachotokea mwilini, maana watu wakielewa hawasahau.

Figo zina mlango unaoamua chumvi irudi mwilini au itoke na mkojo. Ufunguo halali wa mlango huo ni homoni inayoitwa aldosteroni, na mwili hutoa kidogo sana. Kuna homoni nyingine, kotisoli, ambayo iko kwenye damu kwa wingi mara nyingi zaidi, nayo pia inaweza kuufungua mlango uleule. Ili isiufungue hovyo, figo zina kimeng'enya kinachoibadilisha kotisoli ikifika pale iwe kitu kisicho na nguvu. Likorisi inakifunga kimeng'enya hicho. Kotisoli inaufungua mlango mchana na usiku, chumvi na maji vinabaki mwilini, potasiamu inatoka na mkojo.

Matokeo yake: presha inapanda, miguu inavimba, potasiamu inashuka. Potasiamu ikishuka misuli inalegea au kukaza, na moyo, ambao nao ni msuli, unaanza kupiga bila mpangilio. Kinachotuchanganya kazini ni kwamba ukipima aldosteroni unaikuta iko chini, ilhali mgonjwa ana dalili zote za mtu mwenye aldosteroni nyingi. Ukimuuliza "unatumia dawa gani?" anasema hakuna. Ukimuuliza "unakunywa chai gani, unatafuna nini?" ndipo inatoka.

Ukiacha, mwili haurudi siku hiyohiyo. Inaweza kuchukua wiki kadhaa.

---

Mpenda Mizizi

Ahsante sana Muuguzi. Nyongeza kwa wanaodhani haya ni ya vitabuni: mwaka 2020 madaktari wa Massachusetts, Marekani, walichapisha habari ya mwanaume wa miaka 54 aliyekuwa akila mfuko mmoja na nusu wa peremende nyeusi za likorisi kila siku kwa wiki chache. Kabla ya hapo alikuwa akila zile nyekundu zenye ladha ya matunda, ambazo hazina likorisi, akabadilisha. Alianguka ghafla, moyo ukasimama, potasiamu yake ikakutwa iko chini mno. Hakupona.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huonya kwamba mtu aliyevuka miaka 40 akila gramu 57 hivi za likorisi nyeusi kwa siku, kwa wiki mbili au zaidi, anaweza kupata matatizo ya mapigo ya moyo.

---

Binti wa Kwanza

Shikamooni wakubwa. Mama yangu ana presha na anatumia dawa za kuongeza mkojo. Alipata mafua, jirani akamletea mchanganyiko wa chai ya kifua, nimesoma kifungashio nimekuta mzizi wa likorisi ni wa pili kwenye orodha. Amekunywa siku chache. Nimtoe wasiwasi au nimkataze?

---

Muuguzi wa Zamu

Marahaba binti. Mwambie aache leo. Dawa nyingi za kuongeza mkojo zenyewe zinatoa potasiamu, na likorisi nayo inatoa. Siku chache huenda hazijafanya kitu, ila akisikia moyo unarukaruka, miguu kukosa nguvu, kichwa kuuma sana au kuvimba, aende kituo cha afya apimwe presha na potasiamu, na aende na kile kifungashio mkononi. Hata asiposikia kitu, akirudi kliniki amtajie daktari.

Wengine wanaotakiwa kukaa mbali na mzizi huu: wenye ugonjwa wa moyo au figo, wanaotumia digoksini (dawa ya moyo), wanaotumia predinisoloni na dawa nyingine za jamii ya steroidi, na mtu yeyote ambaye potasiamu yake imewahi kuwa chini. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aulize kwanza.

---

Binti wa Kwanza

Nashukuru sana, nimeshaificha hiyo chai. Na mjamzito? Mdogo wangu naye alikuwa anakunywa hiyohiyo.

---

Mpenda Mizizi

Aache, na kwa hili sina kigugumizi.

Finland ni nchi inayopenda sana likorisi, na watafiti wake walifuatilia watoto ambao mama zao walikula nyingi wakati wa ujauzito, zaidi ya miligramu 500 za glisirizini kwa wiki. Walipopimwa wakiwa na miaka 12 hivi, watoto hao walipata wastani wa pointi 7 pungufu kwenye vipimo vya akili wakilinganishwa na wenzao ambao mama zao walikula kidogo au hawakula. Matokeo yalitoka mwaka 2017. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba likorisi ndiyo iliyosababisha, lakini maelezo yake yanaingia akilini: kondo la nyuma nalo lina kile kimeng'enya alichokieleza Muuguzi, na kazi yake pale ni kumkinga mtoto na kotisoli ya mama. Taasisi ya afya ya Finland imeiweka likorisi kwenye vitu visivyopendekezwa kwa wajawazito.

Usimtishe mdogo wako kwa vikombe alivyokwisha kunywa. Aache tu.

---

Jicho la Msitu

Mwanzisha uzi, mbona hujagusa mturituri? Nimeona mahali wanauita likorisi ya India na wanasema majani yake ni matamu, yanatafunwa kwa kikohozi. Kama ni kitu kimoja basi tunao tele porini, hakuna haja ya kuutafuta huo wa mbali.

---

Mpenda Mizizi

Nashukuru umeuliza, na naomba kila anayesoma asimame hapa hata kama mengine ataruka.

Mturituri, *Abrus precatorius*, si mlikorisi. Zote mbili ni za jamii ya mikunde na zote zina utamu, ndiyo asili ya kuchanganywa. Majani ya mturituri ni matamu kweli, na watu wa nchi nyingi za joto wameyatafuna kwa kikohozi tangu zamani. Ila mbegu zake, zile nyekundu za kung'aa zenye doa jeusi ambazo watu hutunga shanga, zina sumu iitwayo abrini, miongoni mwa sumu kali za mimea zinazojulikana. Mbegu nzima ikimezwa bila kuvunjika mara nyingi hupita bila kudhuru kwa sababu ganda lake ni gumu. Ikitafunwa, ikisagwa au kutobolewa, ni habari nyingine: kiasi kidogo kinaweza kuua, na dawa mahususi ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa au hata siku moja, mtu akadhani amepona.

Kwa hiyo usimwambie mtu "kachume likorisi ya porini". Wewe unajua majani, yeye atarudi na kila kitu kilichokuwa kwenye tawi, na nyumbani kuna watoto wanaopenda vitu vyekundu. Mtoto akishatafuna mbegu hiyo msisubiri dalili, mpelekeni hospitali na mbegu nyingine kama sampuli.

Kutofautisha ni rahisi. Mturituri hutambaa na kuparamia miti mingine. Mlikorisi husimama wenyewe kama kichaka, na mbegu zake ni ndogo, za rangi ya udongo, hakuna ambaye angezitunga shanga. Upo na mmea wa tatu unaouzwa kwa jina la likorisi kwenye bustani za maua, *Helichrysum petiolare* kutoka Afrika Kusini, majani ya kijivu yenye manyoya laini. Huo ni wa mapambo na hauna mzizi mtamu.

---

Jicho la Msitu

Nimekuelewa mkuu, nafuta ushauri niliokuwa nautoa kwa watu. Shukrani.

---

Jembe Halilali

Kuhusu kuulima je? Naona unafaa kwa ardhi iliyochoka kwa kuwa ni mkunde.

---

Mpenda Mizizi

Ni kweli, mizizi yake huishi na bakteria wanaoshika nitrojeni kutoka hewani. Unataka jua, udongo wa kichanga au tifutifu wenye kina, na maji yasiyotuama. Mbegu zake ni ngumu kuota bila kukwaruzwa, ndiyo maana wakulima wengi hupanda vipande vya matawi ya ardhini vyenye vichipukizi. Halafu subira: uvunaji ni mwaka wa tatu au wa nne, msimu wa baridi unapokaribia na majani yanapoanguka. Mashina ya juu hufa kila mwaka yakachipua upya, kwa hiyo mmea umezoea nchi zenye baridi ya kuulaza. Na ukishaukaribisha shambani kuung'oa ni kazi, kwa sababu kipande kinachobaki chini kinachipua.

Porini hali ni mbaya zaidi. Kaskazini mwa China mizizi ya gancao ndiyo inayoshikilia mchanga wa nyanda kavu, na kila anayechimba huacha shimo ambalo upepo unalikuza. Uharibifu ulifika mahali serikali ya China mwaka 2000 ikatoa amri ya kuzuia uchimbaji holela. Kwa maoni yangu mtu anayenunua mzizi huu akiweza kuchagua uliolimwa, auchague.

---

Sauti ya Kwaya

Mimi natumia kwa koo tu, nikiimba sana. Hujanikatisha tamaa kabisa?

---

Mpenda Mizizi

Hapana mkuu, na wewe ndiye uliye karibu zaidi na matumizi ya asili. Kwa koo hata wataalamu wa nusu kaputi wameujaribu. Mwaka 2013 madaktari wa Vienna walichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 200 waliokuwa wanakwenda kuwekewa bomba la kupumulia kwa ajili ya upasuaji. Kundi moja lilisukutua maji ya likorisi kabla, jingine maji ya sukari. Kwenye kundi la likorisi, walioamka na koo linalouma walikuwa karibu nusu ya wale wa kundi la maji ya sukari. Walisukutua na kutema. Ukifanya hivyo unapata faida ya koo na kinachoingia mwilini ni kidogo sana.

Kwa anayekunywa, hesabu ninayoitumia mimi ni hii. Kiwango ambacho wataalamu wa Ulaya walikipendekeza mwaka 2003 kisivukwe na mtu mzima mwenye afya ni miligramu 100 za glisirizini kwa siku. Mzizi unaokubalika kwenye vitabu vya dawa vya Ulaya unatakiwa uwe na angalau asilimia 4 ya glisirizini. Gramu mbili na nusu za mzizi wa asilimia 4 zina miligramu 100 tayari, na mizizi mingine ina mara mbili ya hapo. Chai haitoi yote iliyomo, lakini mnaona jinsi ambavyo kijiko cha unga ukiumeza mzima kinakuvusha. Na hata hiyo 100 si ukuta: mwaka 2024 watafiti wa Linköping, Sweden, waliwapa vijana 28 wenye afya kiasi hichohicho kila siku kwa wiki mbili, na namba ya juu ya presha ikapanda kwa wastani wa pointi 3.

Shirika la dawa la Ulaya linauruhusu mzizi huu kama dawa ya jadi kwa kikohozi cha mafua na kwa kiungulia, kwa sharti la kutozidi wiki nne na kutochanganya na bidhaa nyingine yenye likorisi. Mimi nipo chini ya hapo: siku chache kifua kikiwa kizito, kisha naweka mbali.

---

Peremende Nyeusi

Hizi pipi nazo zote zina huo mzizi?

---

Mpenda Mizizi

Hapana. Nyingi zinazoitwa likorisi ladha yake imetoka kwenye mafuta ya anisi, mmea mwingine kabisa usio na glisirizini, na zile nyekundu kwa kawaida hazina chochote. Za Uholanzi na nchi za Nordiki, yaani kaskazini mwa Ulaya, mara nyingi zina mzizi wenyewe, na baadhi hutiwa kloridi ya amonia, ndiyo ile ladha kali ya chumvi. Soma orodha ya viungo: ukikuta dondoo la likorisi, juisi ya likorisi au neno *Glycyrrhiza*, ihesabu pamoja na chai yako ya siku hiyo. Kuna sehemu nyingine hamtaitarajia, ni tumbaku. Viwanda vya sigara na tumbaku ya kutafuna vimekuwa wanunuzi wakubwa wa dondoo hili kwa miaka mingi, wakilainishia ukali wa moshi. Anayetafuna tumbaku ya namna hiyo na kumeza mate anameza na likorisi, na kesi za potasiamu kushuka kwa njia hiyo zimeandikwa na madaktari.

---

Tumbo Joto

Nimerudi wakuu. Nimesoma mpaka hapa nikaamua kwenda kupima yule bakteria kwanza. Mzizi nitauweka mpaka majibu yatoke.

---

Muuguzi wa Zamu

Umefanya vizuri ndugu. Ukienda, kama umekuwa unatumia dawa za kupunguza asidi mwambie anayekupima, kwa kuwa baadhi ya vipimo vya pumzi na choo vinahitaji uziache kwa wiki mbili hivi ili majibu yawe sahihi.